Sharti la Mzee Thoya

Katika kanisa la mabati ya buluu pale Muyeye, nyuma ya kinu cha kusagia mahindi, hakuna aliyepata kuingia kisima cha ubatizo bila kupita kwanza mikononi mwa Gladys Thoya. Mchungaji Dedan ni mtu mpole, na mtu mpole hudanganyika upesi. Ukimwendea na machozi mawili, yeye amekwisha kukunja mikono ya shati akuzamishe majini. Basi wazee wa kanisa wakaona heri kazi ya kuwachuja watu apewe mwanamke ambaye machozi hayamtishi, na Gladys akaifanya kwa miaka tisa.

Siku za kawaida alikuwa fundi wa nguo huko mtaa wa Barani. Alishona sare za shule, na jicho alilotazamia pindo la sketi ndilo hilohilo alilotazamia nafsi za watu. Jumamosi saa tisa alasiri wanafunzi wake walijipanga kwenye mabenchi, kila mmoja na karatasi yake yenye nguzo kumi na moja za imani. Kukariri hakukumridhisha kabisa. Hata kasuku hukariri, aliwaambia. Alitaka kujua mtu kaja kwa nini, na alikuwa na subira ya kungoja mpaka mtu aseme.

Nguzo zenyewe si ngeni kwa aliyekulia makanisani. Kwamba Biblia yote ni neno la Mungu na haina kosa. Kwamba Mungu ni mmoja, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Kwamba Yesu alizaliwa na bikira, akafa mahali petu sisi wenye dhambi, akafufuka kwa mwili wake, na atarudi kuhukumu. Lakini nguzo aliyoipenda Gladys ni ya nne, isemayo kwamba mwanadamu huokolewa kwa neema, kwa njia ya imani peke yake. Si kwa matendo yake, si kwa ukoo wake, wala si kwa kupatana bei na Mungu. Hapo ndipo alipowasimamisha watu mpaka jasho likawatoka.

Mmoja wa waliotoka jasho ni Easter, binti muuza mitumba, msichana mwenye adabu zake. Alikuwa amezijua nguzo zote kumi na moja kwa mwezi mmoja. Gladys alimtazama kitambo, kisha akamuuliza mbele ya wenzake, "Easter, na asipokuwapo Tevin, utakuja?"

Easter akainamia karatasi yake. Tevin alikuwa mchumba wake, na mamake Tevin alikwisha kusema hamwozi mwanawe mtu asiyebatizwa kwa maji mengi. Mtaa mzima ulijua.

"Wokovu si soko," Gladys akamwambia. "Si utoe hiki upewe kile. Nenda nyumbani, mwanangu, urudi siku utakapokuwa unamtaka Yesu mwenyewe." Easter alifunga karatasi yake akatoka, na harusi ikasogezwa mbele mwaka mzima. Wapo waliosema mwalimu kapitiliza. Gladys hakujali, maana kwa nguzo ya nne alikuwa na haki, na mtu mwenye haki hulala usingizi mzuri.

Nguzo ya kumi na moja aliifundisha mbiombio. Inasema wafu wote watafufuliwa, waliookoka wapate uzima wa milele na waliopotea wapate adhabu ya milele. Gladys aliisoma macho yakiwa kwenye karatasi, akauliza kama kuna swali, na kabla swali halijatungwa alikuwa amekwisha kufunga darasa kwa maombi. Wanafunzi walidhani amechoka. Hawakujua habari za Nyevu, mamake.

Gladys mwenyewe aliokoka miaka kumi na mitatu iliyopita. Mumewe alikuwa amemwacha na watoto wawili akaenda kuoa Taveta, na yeye alikuja kanisani kuleta sare za kwaya tu, si kusali. Akakaa benchi la nyuma kungoja ibada iishe. Mahubiri yakamkuta pale, na siku ileile akapiga magoti. Tangu hapo hakulegea. Mtu aliyeokolewa akiwa amefika ukingoni hutamani kuwavuta wote anaowapenda, na wa kwanza kumwendea alikuwa mamake, kule kwao bara ya Gongoni.

Nyevu alikuwa uwanjani akipepeta mtama. Gladys alimwambia yote kama alivyofundishwa, hakupaka sukari. Asipompokea Yesu ataingia motoni, na moto wenyewe hauzimiki.

"Na wewe utakuwa wapi?" Nyevu akauliza.

"Mbinguni, mama. Mezani pa Bwana."

"Mtakula?"

"Tutakula."

Nyevu alipepeta mara mbili tatu, makapi yakaruka. "Nami niko motoni. Utakula vipi, mwanangu?"

Gladys akamjibu kwa Maandiko kwamba Mungu atafuta kila chozi, na huko hakutakuwa na maombolezo wala kilio. Alidhani anamfariji. Nyevu akatikisa kichwa polepole, bila hasira. "Basi utakuwa umenisahau," alisema, akaendelea na mtama wake. Hawakulizungumza tena. Miaka miwili baadaye Nyevu alianguka kwa presha akiwa kisimani, akafa kabla jua halijachwa, na hakuwa amekiri chochote.

Katika kanisa lile, aliyekiri huzikwa kwa nyimbo. Asiyekiri, washirika huenda kama majirani wema, wakabeba maji na kuni, wakakaa nyuma na hawaimbi. Ndivyo walivyofanya kwa Nyevu. Kwaya ambayo Gladys aliishonea sare ilikaa kimya kwenye mikeka, na kimya kile kilimwingia mwilini kikabaki. Baadaye alimwendea mchungaji akamuuliza kama hakuna namna yoyote. Mchungaji Dedan alilia pamoja naye, kisha akasema, "Dada, Neno halikutuachia mlango mwingine." Kwa imani yao hakukosea, na Gladys hakumlaumu.

Mzee Thoya, babake, hakuwa na maswali hayo. Alimchongea mkewe koma kama ilivyo desturi ya Wagiriama, kigogo kifupi cha mti alichokisimika upande wa magharibi wa uwanja na kukivisha kitambaa, roho ya marehemu ipate mahali pa kukaa. Kila mwaka kabla ya kupanda alikikaribia na kata ya maji yaliyokorogwa unga wa mtama, akakimwagia, akamwita Nyevu kwa jina na kumpa habari za nyumbani: mbuzi aliyezaa, mjukuu aliyeingia sekondari, paa lililovuja. Kanisani jambo hilo huitwa kuabudu sanamu. Gladys akija kuwatazama alizunguka nyuma ya jiko ili asipite mahali pale.

Thoya alikuwa amefanya kazi katika mashamba ya chumvi ya Gongoni ujana wake wote, na nyayo zake zilikuwa ngumu, zimepasuka. Hakumkatalia bintiye kwa ukali. Angemkatalia kwa ukali ingekuwa nafuu, maana ukali una mahali pa kushikia. Yeye alimsikiliza mpaka mwisho, akaitikia vizuri, kisha akasema, "Maneno mazuri hayo, mwanangu," na kuagiza watu wamwangulie dafu. Miaka kumi na mitatu ya maneno mazuri na madafu.

Mwaka jana mwezi wa tatu, kabla ya mvua, Kambi alipiga simu. Kambi ni mdogo wake Gladys, ndiye aliyebaki nyumbani kulima. Alisema zahanati imemrudisha mzee, kifua kimejaa maji na hakuna la kufanya. Gladys alifunga cherehani yake Jumatatu asubuhi, akapanda bodaboda mpaka mlangoni pa babake.

Alimkuta ameegemezwa mto, miguu imevimba. Alimwamkia shikamoo, akavua leso, akakaa ukingoni mwa kitanda. Alikuwa amejitayarisha njia nzima kuanza tena upya, lakini mzee alimtangulia.

"Mamako amenijia ndotoni mara tatu," alisema. "Ana njaa. Nikamwambia Kambi atakumwagia, akakataa. Anasema Kambi keshampa, mimi nishampa, ila wewe hujampa hata siku moja. Anakutaka wewe."

"Baba, unajua mimi siwezi."

"Najua. Nawe unanitaka niseme maneno yako, na unajua mimi siwezi." Alipumzika kidogo, maana pumzi ilimjia kwa shida. "Mimi nimechoka kushindana nawe, mwanangu. Nitasema maneno yako. Yote, usiyapunguze. Nawe utamwagia mamako mara moja tu, hurudii tena. Hilo ndilo sharti langu."

Mwosha naye huoshwa, wahenga walisema, nao hawakumbakiza mwalimu. Mtu yule angekuwa benchini Muyeye, Gladys angemrudisha nyumbani palepale. Utoe hiki upewe kile. Lakini hakuwa benchini. Alikuwa babake, na kucha zake zilikuwa zimeanza kugeuka rangi. Gladys alikisikia tena kile kimya cha kwaya kwenye mazishi ya mamake, akaona hatakistahimili mara ya pili.

"Ndiyo, baba," alisema. Alisema upesi, mzee asije akageuza nia. Moyoni alikwisha kujitengenezea udhuru. Mzee atakiri leo, naye atamfundisha kesho na keshokutwa, na mzee akishaamini kweli, yeye mwenyewe atamwambia, mwanangu, achana na koma, hayo yamepita. Ulikuwa udhuru mzuri, ila ulihitaji siku nyingi kuliko alizokuwa nazo mzee.

Akamshika mkono, akaanza sala ya toba kipande kwa kipande. Mzee Thoya akamfuatisha kwa Kiswahili kilekile cha kanisani, kwa uangalifu, kama mtu avukaye juu ya gogo.

"Mimi ni mwenye dhambi," Gladys alisema.

"Mimi ni mwenye dhambi," akafuatisha, kisha akauliza, "Zipi?"

"Zote, baba. Si lazima uzitaje."

"Mtu husamehewa jambo asilolitaja?" Mzee alitazama dari. "Nilimpiga mamako mara moja, mwaka wa ile njaa. Kwa kibaba cha mtama alichompa dadake. Hiyo nayo ataisamehe?"

"Ataisamehe."

"Na mamako je?"

Gladys alitamka kipande kilichofuata, na mzee, baada ya kungoja kidogo, akakifuatisha. Waliendelea hivyo hadi amina. Gladys alipofumbua macho aliona chozi limetelemka kwenye mikunjo ya shavu la babake. Huenda lilikuwa chozi la toba, na huenda lilikuwa la uzee tu, maana macho ya wazee huvuja yenyewe. Mwanamke ambaye machozi hayakumtisha alilishika chozi lile moja kwa mikono miwili.

"Basi," mzee akasema. "Yangu nimeyamaliza. Yako lini?"

"Jumamosi, baba."

"Jumamosi," akakubali, akafumba macho.

Gladys alitembea mpaka kwenye kichuguu ambapo simu hushika mtandao, akampigia mchungaji akamwambia baba ameokoka. Ibada ya Jumatano kanisa zima lilishukuru kwa kumtaja mzee Thoya kwa jina, na mama mmoja aliyekuwa akimwombea pamoja na Gladys miaka yote aligaagaa chini kwa furaha. Kule bara, Gladys alimsomea babake Injili ya Yohana asubuhi na jioni. Mzee alisikiliza sura nne. Alhamisi hakuweza tena kusikiliza, na Ijumaa saa mbili za asubuhi alikata roho, Kambi akiwa amemshika upande mmoja na Gladys upande wa pili. Jumamosi haikumkuta.

Alizikwa Jumanne. Kanisa lilikuja na basi zima, na safari hii kwaya haikukaa nyuma. Waliimba mpaka majirani waliokuja kutazama wakajiunga. Mchungaji alihubiri juu ya yule mwizi msalabani, aliyeokoka saa ya mwisho bila kitu mkononi, na baada ya hapo akamwita Gladys ashuhudie. Gladys alishika kipaza sauti. Alieleza jinsi babake alivyoifuatisha sala yote, jinsi alivyotaja dhambi yake mwenyewe bila kulazimishwa, na lile chozi. Watu wakaitikia amina. Yote aliyosema yalikuwa kweli. Sharti hakulisema.

Watu walipoanza kutawanyika, Kambi alimvuta pembeni. Mkononi alikuwa na kata, na ndani yake maji meupe ya unga wa mtama.

"Dada, baba aliniambia," alisema. "Usiku ule wa Jumatatu. Alisema utammwagia mama. Nikamwambia, Gladys hamwagi, baba, amekudanganya upate kusema maneno. Akanikemea. Akasema waliookoka hawasemi uongo."

Gladys aliitazama kata.

"Akasema kila mmoja ana lake," Kambi akaendelea, na hakusema kwa kumkomoa, ni mtu aliyetumwa ujumbe na anaufikisha. "Akasema, asipomwaga, basi na maneno yangu yamerudi. Mwambie Yesu wake asiyahesabu."

Kando ya barabara basi la kanisa lilipiga honi, likiwaita wa Muyeye. Gladys alisimama pale na viatu vyake vya kanisani, na kwa mara ya kwanza tangu aokoke hakujua aende wapi. Kama nguzo ya nne ni kweli, naye aliiamini kuwa kweli, basi imani ya sharti si imani, na babake alikuwa amepotea hata kabla udongo haujamfunika. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfungia mlango, kwa pupa ya kumwingiza. Na kama si hivyo, kama katikati ya ile sala, pale mzee alipouliza juu ya kibaba cha mtama, kulikuwa na kitu cha kweli ambacho Mungu alikiona, basi mzee mwenyewe alikuwa amekifunga kwenye neno la bintiye. Ahadi ni deni, na mdai alikuwa kaburini.

Wapo watakaosema msiba ulimvuruga akili. Hapana. Akili zake zilikuwa timamu. Dhambi aliyokuwa akiiendea aliijua kwa jina na kwa aya zake, kwa kuwa aliifundisha miaka tisa. Aliipokea kata kutoka kwa Kambi, akatembea upande wa magharibi wa uwanja, mahali ambapo miaka kumi na mmoja alikuwa amepazunguka.

Koma wa mamake alikuwa mdogo kuliko alivyomdhania. Mchwa walikuwa wamemla upande mmoja. Kitambaa kilichomzunguka kilikuwa kimepauka, lakini Gladys aliutambua mshono. Kilikuwa kipande cha gauni alilomshonea mamake mwaka aliofungua duka lake Barani.

"Sema naye," Kambi alisema nyuma yake. "Usimwage kama unayemwaga maji ya vyombo."

Tangu Nyevu azikwe Gladys hakuwa amemsemesha, maana nguzo ya kumi na moja haina nafasi ya kumsemesha mtu aliye kule. Alikuwa ameliacha jina hilo limelala kifuani mwake.

"Mama," alisema. Sauti yake ilimshangaza. "Mama, ni mimi Gladys. Baba amekuja. Nimechelewa, mama. Kula."

Akamwaga. Maji yaliingia ardhini upesi kwa sababu mvua ilikuwa bado. Alilia pale kwa kitambo kirefu, na kilio hicho hakikuwa cha toba, alijua tofauti yake. Alimlilia mamake, kilio alichokuwa amemnyima tangu siku ya mazishi. Kisha akafuta uso, akamrudishia Kambi kata yake, akaenda kupanda basi. Dada wa kwaya alimpa nafasi karibu na dirisha na kumpa pole.

Hakuna mshirika aliyemwona. Angeweza kunyamaza, na pengine wewe nami tungenyamaza. Lakini Jumamosi, kabla ya saa tisa, alikwenda nyumbani kwa mchungaji akamweleza yote, tangu sharti mpaka kata. Mchungaji Dedan alivua miwani, akaishika magotini.

"Unatubu, dada Gladys?"

"Natubu kwamba niliwaficha sharti pale kaburini," alisema. "Na natubu kumfanya baba auze maneno yake. La kumwaga..." Akashindwa kumalizia. Machozi yalimtoka, na mchungaji, ambaye ni mpole, hakumdai sentensi iliyobaki.

"Na baba?" Gladys akauliza akiwa mlangoni.

"Baba tumwachie Mungu."

Gladys alisimama akayasikiliza maneno yale. Miaka kumi na mmoja aliyatamani yasemwe juu ya mamake, na hayakusemwa. Nadhani mchungaji alilitambua hilo, kwa sababu alivaa miwani yake halafu akaivua tena.

Wazee wa kanisa walimweka chini ya nidhamu. Darasa akapewa mzee Jimmy, ambaye maswali yake ni mepesi na hurefusha maombi. Miezi mitatu Gladys asishiriki Meza ya Bwana, akae benchi la nyuma, aombewe. Hakulalamika. Wiki ya kwanza tu alikwenda kwenye kibanda cha mitumba cha Easter, akamkuta akining'iniza mashati.

"Shikamoo, mwalimu," Easter akasema, akijitahidi kuwa na heshima.

"Marahaba. Mimi si mwalimu tena." Gladys akashika mkono wa shati moja, akatazama pindo lake bila kuliona. "Nilikufukuza mbele ya watu kwa jambo ambalo nimelifanya mwenyewe, tena baya zaidi. Nimekuja kukuomba radhi."

Easter aliweka mashati chini. Akamvutia kigoda. Msimu ule alirudi darasani, mzee Jimmy akamuuliza maswali yake mepesi, naye akabatizwa. Kama alikuja kwa ajili ya Tevin au kwa ajili ya Yesu, au kwa ajili ya wote wawili, Gladys hakuuliza, na aligundua kwamba hataki kujua. Siku ya Jumapili Easter alianza kukaa naye benchi la nyuma, ingawa hakuwa na adhabu yoyote.

Miezi mitatu ikaisha. Mchungaji alimsimamisha Gladys mbele ya ibada, akatangaza kwamba dada yetu amerejeshwa katika ushirika kamili, na watu wakapiga makofi kwa furaha ya kweli, maana walimpenda. Jumapili iliyofuata ilikuwa ya kwanza ya mwezi, siku ya Meza. Kitambaa cheupe kilifunuliwa. Mchungaji Dedan akayasoma maneno ya usiku ule aliotolewa Bwana Yesu, akawakumbusha washirika kwamba meza hii ni mwonjo wa karamu ile kubwa ambayo waliookoka wote wataketi na Bwana, na hakutakuwa na kilio. Sahani ya vipande vya mkate ikaanza kupita benchi hadi benchi.

Gladys aliiona ikija. Aliamini kila nguzo, zote kumi na moja. Hakuna hata moja iliyokuwa imemwanguka, na hapo ndipo ulipokuwa uzito wake. Sahani ikamfikia. Aliishika kwa mikono miwili kama ilivyo adabu, akavitazama vile vipande vidogo vilivyokatwa sawasawa. Alimwona mamake na uteo wake, na makapi yakiruka. Kisha akaipitisha sahani kwa Easter.

Easter alichukua kipande chake, akageuka, akaona mikono ya mwenzake mitupu.

"Mwalimu," akamnong'oneza, "umesahau kuchukua."

"Sijasahau," Gladys akasema.